Mapokezi Si Kubeba Boksi

Kwa wadogo zangu mliofika Septemba hii, karibuni sana kwa Malkia, ingawa tangu 2022 inatubidi kusema kwa Mfalme na ulimi bado unagoma.

Naandika kwa sababu ya kicheko. Kwenye nyama choma ya jumuiya yetu, kaka mmoja (sitamtaja, anajijua) alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya jiko: "Daktari! Bado uko mapokezi unapokea paka?" Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, maana ukinuna kwenye nyama choma unakosa nyama. Lakini njiani kurudi nyumbani nikawa najiuliza, hivi kilichochekesha ni nini hasa? Ni paka, au ni mapokezi? Nadhani ni vyote viwili, ila zaidi mapokezi. Sisi tuna imani kwamba mtu akisoma, anakaa chumba cha ndani. Aliyekaa kaunta ya mbele ni yule ambaye shule ilimshinda.

Kwa wasionifahamu, nilisoma udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro, miaka mitano kamili. Kisha nikafanya kazi miaka miwili wilayani Kilosa, ng'ombe, mbuzi, josho, pikipiki na vumbi. Nikaja huku kwa shahada ya pili. Sasa hapa Uingereza shahada yetu haikupi leseni. Ili utibu mnyama lazima usajiliwe na RCVS, yaani kile chuo cha kifalme cha madaktari wa wanyama, na sisi tuliosoma vyuo visivyotambuliwa nao lazima tufanye mtihani wao, ambao ni mgumu na ni ghali. Sheria yao ya 1966 iko wazi: usiyesajiliwa hutibu, hutambui ugonjwa, hutoi dawa. Viza nayo inaniruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wenzangu walinishauri ghala la usiku, au kuhudumia wazee. Mimi nikaona tangazo la kliniki ya wanyama inayotafuta mtu wa mapokezi, jioni na Jumamosi. Nikasema, ah, angalau nitasikia harufu ya dawa niliyoizoea.

Nilidhani ni kazi ya kujibu simu na kupanga miadi. Yaani kubeba boksi, ila boksi lenyewe lina paka ndani.

Wiki ya kwanza nilikoseshwa usingizi na kitu ambacho sikukitarajia kabisa: he na she. Jamani, mnajua tabu yetu hiyo. Kiswahili hakina habari ya jinsia kwenye kiwakilishi. "Amekuja", basi, aliyekuja ni mama, ni baba, ni jogoo, sentensi haijali. Ukifika kwenye Kiingereza unachapia, unamwita mjomba wako she na hakuna anayekufa. Lakini simama kaunta mbele ya bibi wa miaka 70 aliyemleta mbwa wake jike, umwambie "he can go in now". Uso unabadilika. Ukikosea zaidi ukasema it, hapo umemtukana mtoto wake. Nikaanza kutazama kwenye kompyuta jinsia ya kila mnyama kabla sijafungua mdomo, kama mtu anayevuka barabara.

Na ile "pole" yetu. Mtu anasema mbwa wake amevunjika mguu, mimi natoa sorry tatu mfululizo, kwa sababu huo ndio ubinadamu niliolelewa nao. Mzungu mmoja akanijibu, "It's not your fault." Mwingine, siku ya malalamiko ya bili, aliishika ile sorry kama ushahidi: si umekubali mwenyewe kwamba mmekosea? Ikabidi nijifunze kusema pole kwa sentensi nzima, kwamba nasikitika kusikia yaliyompata mbwa wako. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Mwenzangu wa kaunta alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Wales. Siku ya kwanza nilimwita "Mama" kwa heshima, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia hana mtoto mkubwa hivyo. Aliacha shule akiwa na miaka 16, na miaka 20 na ushei ameketi kwenye kiti kile. Sikufikiri kwamba ana cha kunifundisha zaidi ya kutumia mashine ya kadi. Nakiri hivyo bila kujitetea.

Sasa niwasimulie habari ya paka, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Alhamisi moja, kama saa kumi jioni, simu inaita. Mama anasema paka wake amefunga choo. Anakwenda kwenye trei lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu, anatoka, anarudi tena. Tangu asubuhi. Anauliza ampe mafuta gani. Mimi nikajibu kama nilivyofundishwa, kwamba siruhusiwi kushauri dawa kwa simu, ila naweza kumpa nafasi ya kumwona daktari. Nikatazama kitabu cha miadi: siku ile imejaa, kesho kuna nafasi saa kumi na dakika ishirini. Je, itafaa? Akasema itafaa. Nikamshukuru kwa kupiga simu. Sauti nzuri, adabu zote. Nikajipongeza kwa Kiingereza changu.

Ijumaa asubuhi mlango umefunguliwa tu, akapiga tena. Safari hii simu ilipokelewa na yule mama wa Wales. Mimi nilikuwa pembeni, nimekuja kuchukua karatasi ya malipo yangu kabla ya kwenda darasani. Nikamsikia anauliza: "Ni dume?" Kisha: "Mara ya mwisho uliona mchanga umelowa lini?" Kisha, kwa sauti ile ile ya upole isiyobadilika: "Mlete sasa hivi. Usisubiri chochote. Mimi namwambia daktari unakuja." Akakata simu, akaenda nyuma haraka, na kliniki nzima ikaanza kutembea kwa kasi nyingine.

Wale mliosoma fani hii mmeshajua. Kwa wengine: paka dume ana mrija wa mkojo mrefu na mwembamba. Unaweza kuzibwa na ute uliochanganyika na chembechembe ngumu, au kijiwe, au kubanwa tu na misuli. Kibofu kinajaa, mkojo hauna pa kwenda, figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda moyo unapunguza mwendo, kisha unasimama. Siku moja, mbili, paka amekufa. Mwenye paka kwa mbali anaona mnyama anayejikamua kwenye mchanga, naye anasema anachokijua: amefunga choo. Karibu kila kliniki hapa imeshapokea simu ya namna hiyo, kwa maneno hayo hayo.

Nami nililijua hilo! Lilikuwa kwenye mtihani wa mwaka wa nne, naweza kukuchorea mchoro wake hata leo. Nimejiuliza mara nyingi lilijifichia wapi siku ile. Jibu langu ni mawili, na yote yana aibu. Kwanza, nilikuwa nimeketi mapokezi nikiamini kwamba mapokezi ni kujaza nafasi kwenye kitabu. Udaktari wangu niliuacha mlangoni pamoja na koti. Pili, yule mama alisema he. Alisema tangu mwanzo, he's straining, he keeps going back. Neno moja lenye nusu ya ugonjwa ndani yake, likapita kwenye sikio langu la Kiswahili kama upepo. Nilikuwa nachunga he na she nisiwaudhi wateja. Sikujua kwamba inaweza kuwa dalili.

Paka alifika moyo ukiwa umeshapunguza mwendo. Wakampa dawa ya kuulinda moyo, dripu, nusukaputi, wakapitisha mpira kuzibua mrija. Alilala hapo siku tatu. Alipona. Bili ilikuwa kubwa, na bima haikulipa yote. Jumatatu jioni yule mama alikuja kumchukua, na aliyekuwa kaunta ni mimi. Akalipa, akaweka kadi kwenye pochi, akanitazama. Akasema, "Uliniambia kesho."

Hakupiga kelele, wala hakutaka kumwona meneja. Nilimwambia ni kweli, nilikosea, nilipaswa kumuuliza maswali mawili ambayo sikuuliza. Akatikisa kichwa, akamchukua paka wake, akaondoka. Ile sorry niliitoa, na safari ile ilimaanisha kile Waingereza wanachomaanisha.

Tulikaa kikao. Hakuna aliyenifokea, na kwa kweli ningependa wangenifokea. Meneja alitoa karatasi iliyokuwa imebandikwa pembeni ya simu miezi yote, ambayo mimi niliiona kama pambo. Ina mambo ambayo mtu wa mapokezi akiyasikia haangalii kitabu cha miadi, anaita nesi au daktari pale pale. Paka dume anayejikamua. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limejaa na anajaribu kutapika bila kitu kutoka. Mnyama aliyekula zabibu, chokoleti, sumu ya panya, au paka aliyetafuna ua la yungiyungi. Anayepumua kwa shida. Mwenye degedege lisiloisha. Jike anayezaa na kusukuma muda mrefu bila mtoto kutoka. Mtu wa mapokezi hatambui ugonjwa, sheria inamkataza, na ni haki imkataze. Lakini ndiye anayeamua nani amwone daktari sasa na nani kesho, na uamuzi huo ukikosewa, daktari wa ndani atatibu maiti.

Baada ya hapo nilianza kumsikiliza yule mama wa Wales anavyopokea simu. Nikagundua anaanza kwa kunyamaza. Anauliza "Kuna nini leo?" kisha anamwacha mtu aseme mpaka amalize. Mimi nilikuwa namkatiza mteja sekunde ya tano nipate jina na namba ya simu. Akishamaliza, ndipo anauliza maswali mafupi ya kubana: lini, mara ngapi, anakula, anakunywa, anakojoa. Mwisho anamrudishia mteja alichosikia, "Kwa hiyo umesema hajala tangu jana na ametapika mara tatu, nimekuelewa sawa?" Mara nyingi hapo ndipo mteja anakumbuka jambo kubwa kuliko yote. Nilipokwenda maktaba nikakuta haya yameandikwa: kuna mwongozo wa Calgary-Cambridge, uliotungwa miaka ya 1990 kwa ajili ya madaktari wa binadamu, ambao baadaye ulichukuliwa na watu wa wanyama ukafundishwa vyuoni. Yeye hajawahi kuusikia. Kajifunza kwa simu, miaka 20.

Mambo ya fedha nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayoleta vita vingi kaunta. Hakuna NHS ya paka. Mwenye mnyama analipa mwenyewe, au bima, au kama kipato ni kidogo anakwenda kwa taasisi za hisani kama PDSA, ambayo ipo tangu 1917. Mtu wa mapokezi ndiye anayeeleza kwamba bima haitagusa ugonjwa ulioanza kabla ya kukata bima, na ndiye anayetukanwa kwa hilo. Na watu wana hasira ya haki. CMA, mamlaka yao ya ushindani, ilianza kuichunguza biashara hii Septemba 2023, ikapokea majibu kama 56,000. Ilieleza kwamba mwaka 2013 kliniki zilizomilikiwa na makampuni makubwa zilikuwa kama asilimia 10, muongo mmoja baadaye zikawa karibu asilimia 60, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kliniki hazikuweka bei yoyote kwenye tovuti zao. Kwa hiyo sisemi Wazungu ni malaika wa mawasiliano. Kuna sehemu ukipiga simu unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, na anayepokea mwishowe anasoma maneno aliyoandikiwa kama kasuku. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale kwetu, makadirio ya gharama yanatolewa kwa maandishi kabla ya kazi, na nimeona mzee akipumua kwa sababu tu ameambiwa bei mapema, hata kama bei yenyewe ni mbaya.

Lililonigusa zaidi ni jinsi wanavyoshughulikia kifo. Pale kaunta kuna mshumaa. Ukiwashwa, kikaratasi kinaeleza kwamba kuna mtu ndani anamuaga mnyama wake, tafadhali tupunguze sauti. Miadi ya namna hiyo inawekwa mwisho wa siku, karatasi za idhini zinasainiwa kabla, malipo yanamalizwa kabla, ili mtu akitoka analia asisimame foleni akitafuta namba ya siri ya kadi mbele ya watoto wa mbwa wanaorukaruka. Anatokea mlango wa nyuma. Kisha mtu wa mapokezi, kabla hajafanya jambo lingine lolote, anaingia kwenye kompyuta na kumwandika mnyama kuwa amefariki. Sababu ni kwamba mashine inatuma barua zenyewe. Usipofanya hivyo, baada ya miezi miwili mama wa watu anapokea kadi yenye picha ya mbwa anayecheka: mpenzi wetu, chanjo yako imefika!

Mwanzoni niliyaona haya kama vituko vya watu waliokosa shida. Mshumaa kwa paka! Kwetu binadamu mwenyewe anafia kwenye benchi la mapokezi akisubiri kadi. Na hapo ndipo wazo lilipogeuka likanichoma mimi.

Kuna mzee mmoja wa Kilosa, mfugaji, alikuwa na namba yangu. Siku moja alinipigia nikiwa kwenye semina. Alianza kama wazee wetu wanavyoanza: hujambo daktari, habari za kazi, habari za nyumbani, watoto. Mimi moyoni nasema mzee fika mwisho, muda wa maongezi unakwisha. Alipofika alisema ndama wake wamepoa, hawanyonyi vizuri, wana joto. Nikamwambia aende duka la dawa akanunue OTC, awachome, kisha nitapita wiki ijayo. Akashukuru, akasema samahani kwa kukusumbua, daktari. Nilipopita, ndama watatu walikuwa wameshakufa. Ndigana kali. Ningemuuliza swali moja tu, kwamba tezi za chini ya sikio zimevimba?, ningejua kwamba OTC haitoshi, kwamba kuna dawa nyingine na inataka kuwahi. Alikuwa anaziona tezi hizo kwa macho yake, na wafugaji wanazijua kuliko mimi. Ila hakuna aliyemuuliza, na yeye kwa adabu yake hakutaka kumfundisha daktari.

Yule mama wa paka alikuja kaunta akaniambia, "Uliniambia kesho." Yule mzee alinikaribisha maziwa.

Ndiyo tofauti ninayotaka muione. Huku mteja anauliza, analalamika, anaandika barua, na mimi nikakaa kikao nikajifunza. Kule kwetu mteja anasema samahani kwa kukusumbua, anazika ndama zake, na daktari anaendelea kuwa daktari mzuri. Miaka miwili Kilosa sikujua kwamba nina kosa hilo. Nisingekuja kukaa mapokezi nisingejua mpaka nastaafu.

Najua mtakachosema, maana nimeshaambiwa. Kaka yule yule wa nyama choma aliniambia, "Bongo nani atamlipa mtu wa mapokezi? Daktari mwenyewe mshahara unachelewa." Ni kweli. Ofisi niliyokuwepo ilikuwa na meza moja, kabati la chanjo na kiti kisicho na mguu mmoja. Lakini mapokezi yalikuwepo: ni simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Kwa mfugaji aliye kilomita 40 porini, sauti yangu ndiyo kaunta, ndiyo mlango, ndiyo benchi. Karatasi ile ya pembeni ya simu haina gharama. Inahitaji mtu akae aandike maswali ya kwetu: tezi zimevimba? Mkojo una rangi gani? Wametupa mimba wangapi, na tangu lini? Hili la kutupa mimba si mchezo. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilileta homa ya Bonde la Ufa Kenya, Somalia na kwetu Tanzania, ikaua mifugo na watu, na kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi ndiyo dalili yake kubwa. Simu ya namna hiyo ukiijibu "chinja huyo mgonjwa mle" umemtuma mtu ashike damu yenye virusi.

Au mbwa. Mtu anapiga, mbwa wangu amebadilika, anang'ata ng'ata vitu, mate yanamtoka. Daktari anayefikiria mbwa tu atauliza kama alichanjwa. Swali la kwanza linatakiwa liwe: amemng'ata mtu? Na kama amemng'ata, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali leo kuchanjwa, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Maneno hayo yanasemwa kwenye simu na aliyeipokea, awe daktari, awe karani, awe mke wa bwana mifugo aliyeachiwa simu. Sioni ni kwa vipi hiyo ni kazi ndogo.

Na zile salamu zetu ndefu nilizokuwa nazikimbia, sasa nazitazama kwa jicho jingine. "Habari za nyumbani? Habari za mifugo? Mvua je? Malisho?" Mbona hayo ni mahojiano ya mgonjwa yaliyokwisha kupangwa na wazee? Mwingereza analipia kozi ajifunze kuuliza swali la wazi na kunyamaza. Sisi tunalo, tukipata shahada tunalitupa, tunasema "eleza shida". Ingawa nikubali pia kwamba kuna siku salamu lazima zingoje. Ng'ombe anayebanwa na ndama tumboni hangoji habari za shangazi. Kujua siku ipi ni ipi ndio ufundi wenyewe.

Vyuo vyetu vya Morogoro, Kabete na Makerere vinatoa madaktari wanaoweza kupasua na kutibu vizuri tu, sina wasiwasi. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akalishwe wiki mbili kwenye simu ya kliniki ya chuo, bila koti jeupe, apokee tu. Wakufunzi wangu wa zamani wakisoma hapa watasema huyu kaenda Ulaya karudi na ukarani. Sawa. Nitawaonyesha ile rekodi ya paka.

Na ninyi wa fani nyingine, msidhani mmepona. Dada zangu mnaosoma udaktari wa meno, ufamasia, sheria: zile saa 20 za viza mnazoziuza ghalani kwa sababu zinalipa senti kidogo zaidi, hebu fikirieni kuziuza kwenye kaunta ya mbele ya kazi mnayosomea. Mtasikia watu wanavyoeleza shida zao kabla hazijatafsiriwa kuwa majina ya vitabuni. Mwaka mzima nimesikia "amefunga choo", "hayuko sawa", "anajikunja hivi", na kila neno lina ugonjwa wake nyuma. Darasani hatukupewa maneno hayo.

Nimeanza kuandika karatasi ya maswali kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wa mbele na nyuma, kwa ajili ya ofisi yangu ya zamani. Nimekwama kwenye majina ya magonjwa, maana kila kabila lina lake na wafugaji wa kwetu hawatumii ya kitabuni. Wenye asili ya ufugaji, wa Arusha, Kajiado, Karamoja, Mbarara, kokote, nitafuteni kwenye kikao kijacho. Jumamosi msinipigie kabla ya saa nane mchana, niko kaunta.